Amri ya Kuhamia Vijijini na Hoja ya Uhuru wa Mtu Binafsi: Kutoka Litowa hadi Kambi ya Simba, 1958–1999

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhamishaji wa wananchi vijijini Tanzania Bara katika miaka ya 1970 kwa kuzitumia hoja za wanafalsafa wanaotetea uhuru wa mtu binafsi dhidi ya mamlaka ya dola, ambao humu wanaitwa walibertari. Hoja inayojengwa ni kwamba nadharia hiyo, ijapokuwa ilizaliwa mbali na mazingira ya mkulima wa Tanzania, inaeleza vizuri mambo mawili ambayo historia rasmi iliyapita upesi: kuvunjwa kwa ujamaa wa hiari na dola yenyewe ya kijamaa, na kunyang'anywa kwa ardhi iliyosafishwa kwa jasho bila fidia wala mahali pa kulalamikia. Hata hivyo, nadharia hiyo hiyo inapwaya inapokutana na ardhi ya kimila, ambayo haikuwa mali ya mtu mmoja aliyesimama peke yake.

Utangulizi

Mwaka 1958 yaliandikwa maandishi mawili ambayo waandishi wake hawakuwa na sababu ya kujuana. Huko Oxford, Isaiah Berlin alitoa mhadhara wake kuhusu dhana mbili za uhuru: uhuru wa kutoingiliwa na mwingine, na uhuru wa kujitawala au kujitimiza. Huko Tanganyika, Julius Nyerere, wakati huo kiongozi wa TANU, aliandika kijitabu kilichoitwa Mali ya Taifa, akipinga pendekezo la serikali ya kikoloni la kuifanya ardhi iwe mali ya mtu binafsi moja kwa moja, inayoweza kuuzwa na kununuliwa sokoni. Berlin aliogopa kwamba dhana ya pili ya uhuru humpa mtawala kisingizio cha kumlazimisha mtu kwa jina la nafsi yake iliyo bora zaidi. Nyerere aliogopa kwamba katika nchi maskini soko la ardhi lingewafanya wageni wenye fedha kuwa wenyeji, na wenyeji kuwa wapangaji. Yaliyotokea miaka kumi na mitano baadaye yalithibitisha hofu ya Berlin, na yalitokea chini ya uongozi wa Nyerere mwenyewe.

Neno ulibertari halijazoeleka katika maandishi ya Kiswahili, na mara nyingi huchanganywa na uliberali kwa jumla au na ubepari. Katika makala haya linatumika kwa maana finyu: mtazamo kwamba mtu anamiliki nafsi yake na matunda ya kazi yake, kwamba dola ina wajibu wa kulinda haki hizo na haina kibali cha kuzitumia kama malighafi ya mipango yake, na kwamba nia njema ya mtawala si mbadala wa ridhaa ya mtawaliwa. Mizizi ya mtazamo huo imo katika maandishi ya John Locke ya mwaka 1689. Herbert Spencer aliutia ukali mwaka 1884, Friedrich Hayek akauongezea hoja ya maarifa katika miaka ya 1940, na Robert Nozick akaupa umbo lake la kifalsafa linalojulikana zaidi mwaka 1974. Ni bahati tu, lakini ni bahati ya kufikirisha, kwamba kitabu cha Nozick kilitoka mwaka ule ule ambao malori ya Operesheni Vijiji yalikuwa yakibeba vyombo vya watu nchini Tanzania.

Urithi wa kuamrishwa

Itakuwa kosa kudhani kwamba tabia ya dola ya kumpangia mkulima mahali pa kulala na ukubwa wa shamba lake ilianza na Azimio la Arusha. Serikali ya Waingereza iliwakusanya watu katika makazi maalumu kwa sababu ya malale, iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta hadi zikazuka ghasia za mwaka 1955, na mwaka 1951 iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili kuwapisha walowezi. Kirilo Japhet alilipeleka shauri la Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Shauri hilo halikuirudisha ardhi, lakini liliwafundisha wanasiasa wa Tanganyika kwamba malalamiko ya mkulima yanaweza kuitikisa serikali.

Msingi wa kisheria wa mamlaka hayo ulikuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyoitangaza ardhi yote kuwa ya umma chini ya usimamizi wa Gavana. Marekebisho ya mwaka 1928 yaliingiza matumizi ya ardhi kwa mujibu wa mila ndani ya tafsiri ya haki ya kukalia ardhi, lakini hayakumpa mwenyeji hati yoyote. Uhuru ulipopatikana, mahali palipoandikwa Gavana paliandikwa Rais. Kwa jicho la mlibertari hapo ndipo penye kiini cha matatizo yote yaliyofuata: dola mpya ilirithi ufunguo wa nyumba ambayo wakaaji wake walidhani ni yao.

Pamoja na ufunguo huo kulikuwa na ukimya wa katiba. Katiba ya uhuru ya mwaka 1961 na ile ya Jamhuri ya mwaka 1962 hazikuwa na sura ya haki za binadamu inayoweza kudaiwa mahakamani. Hoja ya viongozi ilikuwa kwamba sura kama hiyo ingewagonganisha mahakimu na serikali na kuchelewesha maendeleo. Katika mwaka huo huo wa 1962 ilipitishwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumfungia mtu bila mashtaka, na wakuu wa mikoa walipewa uwezo wa kumkamata mtu na kumshikilia kwa muda wa hadi saa 48. Mamlaka haya ya pili hayakuvuma kama yale ya kwanza, lakini mkulima aliyekuwa akibishana na mkuu wa mkoa kuhusu shamba lake aliyajua vizuri zaidi kuliko yale ya Rais.

Ujamaa uliokataliwa na wajamaa

Tukio linaloeleza zaidi kuhusu uhusiano wa dola na hiari katika kipindi hiki halimhusu bepari yeyote. Mwaka 1960 kikundi cha vijana wa TANU kilianzisha makazi ya kilimo cha pamoja Litowa, katika wilaya ya Songea. Jaribio la kwanza lilishindwa kwa njaa. Waliorudi kulianza upya walikuwa wachache, na walirudi kwa sababu walitaka. Kutokana na Litowa kilizaliwa Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, kilichojulikana kwa kifupisho chake cha RDA, chini ya uongozi wa Ntimbanjayo Millinga, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 kiliunganisha zaidi ya vijiji 15. Wanachama waliamua wenyewe walime nini na wagawane vipi, nani aingie na nani atoke. Walikuwa na shule yao, ambayo mtindo wake wa masomo na kazi ulifanana sana na yale ambayo Nyerere aliyatangaza mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Walikuwa pia na mashine ya kusaga nafaka.

Huo ulikuwa ujamaa kama ulivyoelezwa katika maandishi ya Nyerere mwenyewe. Katika Ujamaa Vijijini wa Septemba 1967, na zaidi katika Uhuru na Maendeleo wa Oktoba 1968, alisisitiza kwamba mtu haendelezwi bali hujiendeleza, na kwamba hakuna anayeweza kutiwa katika kijiji cha ujamaa kwa nguvu. Ikiwa maneno hayo yangechukuliwa kuwa sheria, RDA ingekuwa mfano wa taifa.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Mali zake zilichukuliwa, na kazi ya kujenga vijiji vya ujamaa ikatangazwa kuwa ya chama tawala pekee. Sababu zilizotolewa zilitofautiana na wanahistoria hawajakubaliana kuhusu uzito wa kila moja, lakini kiini kinaonekana katika muundo wenyewe: vijiji vilivyoweza kumwambia ofisa wa mkoa kwamba mpango wake haufai vilikuwa kero kwa utawala uliojiona kuwa ndiye mwalimu wa wakulima. Mwaka huo huo Waraka wa Rais Namba 1 ulikuwa umeziagiza ofisi zote za serikali kuelekeza nguvu zao katika vijiji vya ujamaa. Palipokuwa na kikundi cha watu sasa pakawa na lengo la idara.

Wachambuzi wa mrengo wa kushoto wameieleza hatua hii kama ushindi wa tabaka la watumishi wa dola dhidi ya wakulima, na Issa Shivji aliiweka mantiki hiyo ya kitabaka katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka nchini Tanzania. Maelezo hayo yana nguvu. Lakini hayaeleza kwa nini dola iliyokuwa na lengo lile lile na RDA iliona haja ya kuiua. Hapa Nozick anasaidia zaidi kuliko Marx. Katika sehemu ya mwisho ya kitabu chake, ile ambayo husomwa na wachache, anaeleza kwamba jamii iliyo huru huwaacha watu waunde jumuiya za aina yoyote, zikiwamo za kijamaa, mradi wameingia kwa hiari na wanaweza kutoka. Kwa kipimo hicho Litowa ilikuwa halali kabisa na amri ya kuivunja haikuwa halali. Wanaoutaja ulibertari kana kwamba ni utetezi wa matajiri tu hawana budi kulikabili jambo hili: kesi iliyo bora zaidi ya nadharia hiyo nchini Tanzania ni ya wajamaa.

Isimani na mwisho wa mabishano

Kesi inayotajwa mara nyingi zaidi ni nyingine. Isimani, kaskazini ya mji wa Iringa, palikuwa mahali pa wakulima wa mahindi waliofyeka pori katika miaka ya 1950, wakanunua matrekta na kuajiri vibarua. Kampeni ya ujamaa ya mwaka 1971 ilielekezwa moja kwa moja kwao. Siku ya Krismasi mwaka huo, Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Kleruu, alimkuta Said Mwamwindi akilima shambani kwake. Yalizuka majibizano, na Mwamwindi akampiga risasi, kisha akaupeleka mwili mwenyewe katika kituo cha polisi Iringa. Mahakama Kuu ilimhukumu kifo mwaka 1972, na akanyongwa.

Kuna hatari ya kumgeuza Mwamwindi kuwa shujaa wa mali binafsi, kama ilivyokuwapo hatari ya kumgeuza Kleruu kuwa shahidi wa mapinduzi. Vibarua wa Isimani walikuwa na manung'uniko yao, na hakuna nadharia ya haki inayohalalisha mauaji kwa sababu ya matusi. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba kati ya mkulima yule na mkuu wa mkoa hapakuwa na mtu wa tatu. Hapakuwa na baraza lililochaguliwa lenye uwezo wa kusimamisha kampeni, wala mahakama yenye katiba ya kuisomea serikali. Miezi michache baadaye, Julai 1972, halmashauri za wilaya zilifutwa kwa jina la madaraka mikoani, na Mei 1976 vyama vya ushirika vya wakulima navyo vikavunjwa. Kila hatua ilielezwa kuwa ni ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Jumla yake ilikuwa kuondoa kila kilichosimama kati ya mwananchi na ofisi.

Novemba 1973 na baada yake

Septemba 1973 mkutano mkuu wa TANU uliazimia kwamba wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Tarehe 6 Novemba Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Katika kulieleza jambo hilo aliwakumbusha wakulima kile ambacho serikali imewafanyia, ikiwa ni pamoja na kufuta kodi ya kichwa na kuleta maji na zahanati, akauliza wao wamerudisha nini. Hoja hii ya malipo ndiyo inayostahili kuchambuliwa zaidi ya takwimu za waliohamishwa, kwa kuwa inabadilisha uhusiano wa kisiasa kuwa deni. Huduma ambayo mtu hakuiomba kwa masharti, na iliyotokana na kodi ya mazao yake mwenyewe, inakuwa dhamana ya utii wake. Spencer alikuwa amelionya bunge la Uingereza kuhusu mwelekeo huo mwaka 1884, akidai kwamba anayefanyiwa kila kitu ataishia kuamrishwa katika kila kitu. Kwa hali ya Uingereza ya wakati wake onyo hilo lilikuwa na chumvi nyingi. Kwa Tanzania ya mwaka 1973 lilikuwa taarifa ya habari.

Utekelezaji ulikuwa wa haraka. Watu waliokuwa katika vijiji mwaka 1973 walikuwa takriban milioni 2. Kufikia mwaka 1976 ilihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 13. Hata baada ya kutoa wale ambao walikuwa tayari wanaishi karibu karibu, kama wa Kilimanjaro na Bukoba, na vijiji vya zamani vilivyoandikishwa tu upya, waliohama kweli wanakadiriwa kuwa si chini ya milioni 5. Mgambo walitumika, na katika sehemu nyingi nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Nyerere, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio iliyotolewa mwaka 1977, alikiri kwamba palitokea makosa na ukatili, ingawa aliyachukulia kuwa matukio ya hapa na pale yaliyokuzwa na wasioitakia nchi mema. Neno ujamaa lenyewe lilikuwa limeanza kuwekwa kando, na makazi mapya yakaitwa vijiji vya maendeleo, jina lisilodai udugu wa aina yoyote.

Hayek hakuandika kuhusu Dodoma au Kigoma, lakini makala yake ya mwaka 1945 kuhusu matumizi ya maarifa katika jamii inafaa kusomwa kando ya ramani za Operesheni. Alidai kwamba maarifa yanayohitajika ili kupanga uchumi hayako mahali pamoja. Yametawanyika miongoni mwa watu wengi, kila mmoja akijua mambo ya mahali pake na wakati wake, na mengi ya hayo hayawezi kuandikwa katika ripoti. Mkulima aliyeishi mbali na jirani yake hakuwa ametawanyika kwa uvivu. Alikuwa na shamba la bondeni kwa mwaka wa ukame na la mlimani kwa mwaka wa mafuriko. Alijua ng'ombe wanywe wapi mwezi wa tisa na kuni zipatikane wapi. Mpangaji wa wilaya aliona barabara. Nyumba zikawekwa kwa mistari kandokando yake, na mashamba yakawa mbali. Ukame wa 1973 na 1974 na kupanda kwa bei ya mafuta vilichangia upungufu mkubwa wa chakula uliofuata, na haitakuwa haki kuutupia uhamishaji mzigo wote. Lakini kung'oa mamilioni ya wakulima katika misimu hiyo hiyo ya kilimo halikuwa jambo ambalo mkulima yeyote angelishauri.

James Scott, aliyeufanya uhamishaji huu kuwa mmoja wa mifano mikuu ya kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu namna dola inavyoona, amependwa sana na walibertari. Yeye mwenyewe alikuwa mwangalifu kuliko wapenzi wake. Alionya kwamba soko kubwa la kibepari nalo husawazisha mambo na kufuta maarifa ya mahali, na kwamba hakuwa akiandika utetezi wa Hayek. Tahadhari hiyo inafaa hapa. Serikali haikuwa peke yake katika kuamini makazi ya kupangwa; ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1961 ilikuwa imependekeza makazi ya aina hiyo kama njia ya kuugeuza ukulima wa Tanganyika, na wafadhili wa nje waliendelea kutoa fedha wakati Operesheni ikiendelea. Peter Bauer, mchumi wa London aliyepinga misaada ya maendeleo tangu mapema, alikuwa miongoni mwa wachache walioliona jambo hilo kuwa fedheha ya wafadhili kuliko ya Waafrika. Ukali wake ulimfanya asisomwe na wale waliopaswa kumsoma.

Ni lazima pia kusemwe kwamba vijiji viliacha vitu. Shule zilizofanikisha mpango wa elimu ya msingi kwa wote uliotangazwa Musoma mwaka 1974, visima, zahanati na madarasa ya kisomo cha watu wazima havikuwa ndoto za magazeti. Wako waliohama wakalia, na watoto wao wakasoma. Mlibertari hujibu kwamba faida haifuti kosa, na kwamba shule ingeweza kujengwa bila kuchoma nyumba. Jibu hilo ni sahihi kimantiki, lakini ni jepesi. Linamwacha mzazi wa mwaka 1980 bila chochote cha kuweka kwenye mizani isipokuwa kanuni.

Jasho mahakamani

Uhamishaji mwingi ulifanyika kabla ya sheria ya kuuhalalisha, au bila kuifuata ile iliyokuwapo. Sheria ya mwaka 1973 ya mipango na matumizi ya ardhi vijijini ilitoa utaratibu wa kutangaza maeneo na kufuta haki. Sheria Namba 21 ya mwaka 1975 ilivipa vijiji umbo la kisheria. Kati ya hizo mbili palikuwa na pengo, na katika pengo hilo walikuwamo watu walioamka asubuhi wakakuta shamba lao limegawiwa mwingine kwa maneno ya mdomo. Kwa muda wa miaka kumi hivi hawakuwa na la kufanya. Marekebisho ya tano ya Katiba, kwa Sheria Namba 15 ya mwaka 1984, yaliingiza hatimaye sura ya haki, ingawa serikali ilijipa muda hadi Machi 1988 kabla haijaanza kushtakiwa kwa sura hiyo. Hasa katika mkoa wa Arusha, wakulima walianza kufungua mashauri ya kudai mashamba yao ya zamani, na baadhi yao wakashinda.

Jibu la serikali lilikuwa kubadili sheria. Amri ya mwaka 1987 ilifuta haki za kimila katika vijiji kadhaa vya mkoa huo. Kisha Bunge likapitisha Sheria Namba 22 ya mwaka 1992, iliyofuta haki za kimila zilizokuwapo kabla ya Operesheni katika vijiji vilivyoanzishwa, ikazuia fidia, ikasitisha mashauri yaliyokuwa mahakamani, na kukataza utekelezaji wa hukumu zilizokwisha kutolewa. Ni nadra kukuta sheria inayokiri kosa kwa ukamilifu namna hiyo kwa kujaribu kulifukia.

Wananchi wawili, baba na mwana, wa kijiji cha Kambi ya Simba, walikuwa wamepata hukumu ya kurudishiwa shamba lao. Waliipeleka sheria hiyo mbele ya Mahakama Kuu Arusha, wakashinda, na Mwanasheria Mkuu akakata rufani. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa uamuzi katika shauri linalojulikana kwa jina la Lohay Akonaay. Serikali ilikuwa imedai kwamba haki ya kimila si mali kwa maana ya ibara ya 24 ya Katiba. Mahakama ilikataa, ikisema kwamba dai hilo lingewafanya wananchi walio wengi kuwa wavamizi katika nchi yao wenyewe. Rais, ilisema, ameishika ardhi kama mdhamini kwa manufaa ya wananchi, na mdhamini hawezi kujigeuza mmiliki. Sheria haikubatilishwa yote. Lakini kuzuia fidia na kufunga mlango wa mahakama vilionekana kuwa kinyume cha Katiba.

Kilichomo ndani ya hukumu hiyo kinavutia kuliko matokeo yake. Katika kueleza kwa nini mtu anayelima ardhi ya umma anastahili fidia, Mahakama ilirejea Mali ya Taifa ya mwaka 1958. Humo Nyerere alikuwa amesema kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu isiyokuwa ya mtu, lakini mtu anapotumia nguvu na ujuzi wake kuisafisha, juhudi hiyo humpa haki juu ya sehemu aliyoisafisha. Huyo ni Locke, karibu hatua kwa hatua: zawadi ya wote, kazi ya mmoja, haki inayotokana na kazi. Tofauti ipo katika mwisho. Kwa Locke haki hiyo hudumu, huuzwa na kurithiwa. Kwa Nyerere hudumu mradi mtu anaendelea kuitumia ardhi. Hata hivyo, hata kwa kipimo hicho chembamba, aliyetolewa kwa mgambo katika shamba alilokuwa akililima hakuwa ameacha kulitumia. Mahakama haikuhitaji kumleta mwanafalsafa wa Uingereza ili kuihukumu serikali. Ilimleta mwasisi wake.

Hapo hapo ndipo nadharia ya kilibertari inapofikia ukingo wake. Waliodai Kambi ya Simba walikuwa baba na mwana, na haki waliyoidai ilikuwa ya kimila; ilipitia katika ukoo, ikabeba wajibu kwa walio hai na waliokufa, na katika sehemu nyingi za nchi ilimweka mwanamke mlangoni. Kuilinda haki hiyo dhidi ya dola kulikuwa pia kuulinda utaratibu ambao ndani yake mtu binafsi, hasa binti na mjane, hakuwa huru sana. Nozick hana la kusema kuhusu mjane huyo isipokuwa kwamba na yeye anamiliki kazi yake, jambo ambalo shemeji zake hawakulikubali. Wanaoitumia hukumu ya Akonaay kama ushindi wa mtu binafsi dhidi ya dola wanasahau kwamba ulikuwa pia ushindi wa mila, na kwamba mila ina dola zake ndogo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ilizitambua haki za kimila na kuzipa hadhi sawa na haki zinazotolewa kwa hati. Ilitoa pia ulinzi kwa wanawake dhidi ya mila zinazowabagua. Lakini kifungu chake cha 15 kilithibitisha kuwa halali mgao wowote wa ardhi uliofanywa kwa watu waliohamia au waliotakiwa kuhamia vijijini, uwe ulifuata sheria au uliipuuza, mradi ulifanyika kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977. Kipindi hicho kinaanza miezi michache tu baada ya kuvunjwa kwa RDA.